Alama kwenye Shina la Kisu: Sheffield na Sheria ya Jina

Katika masomo ya uraia tumezoea kuitafuta sheria ndani ya katiba na magazeti ya serikali. Leo nakualika uitafute kwenye kisu cha kukunja, kile kisu kidogo cha mfukoni kilichotengenezwa Uingereza katika karne ya 18 na ya 19, ambacho siku hizi hukusanywa na watu wa nchi nyingi kama wengine wakusanyavyo stempu na sarafu. Mkusanyaji mzoefu akikiona kisu cha namna hiyo mnadani haanzi kwa kujaribu makali yake. Hulifungua bapa, akaligeuza kwenye mwanga, akasoma chapa iliyopigwa kwenye shina lake, yaani pale bapa linapoingia katika mpini. Mahali hapo hapazidi sana upana wa ukucha. Hata hivyo herufi na alama zilizomo humweleza kisu kilitoka mji gani, kwa nani, na mara nyingi katika kipindi gani. Nyingi kati ya hizo ziliwekwa pale kwa kuwa kulikuwa na sheria iliyoziruhusu, iliyozilinda au iliyozilazimisha.

Mji wenyewe mara nyingi ni Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Mito yake mitano iliendesha magurudumu ya maji, na magurudumu yakazungusha mawe ya kunolea yaliyochimbwa katika vilima vya karibu. Kazi ya visu ni ya kale sana huko. Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, alikwisha kumtaja mtu aliyetembea na kisu cha Sheffield katika soksi yake.

Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda Kampuni ya Mafundi wa Visu wa Hallamshire, ambalo ni jina la kale la wilaya ile ya Sheffield. Neno kampuni lisikupotoshe: hiki hakikuwa kiwanda bali jumuiya ya mafundi. Iliongozwa na Mkuu wa Mafundi aliyechaguliwa kila mwaka, na wa kwanza alikuwa Robert Sorsby. Pamoja naye walikuwapo wasimamizi 2, wakaguzi 6 na wajumbe 24, jumla yao watu 33. Kijana alijifunza kazi chini ya fundi kwa muda wa miaka 7 au zaidi. Alipohitimu na kupokewa kuwa fundi huru, alipewa alama yake mwenyewe ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuipiga. Wakaguzi nao walikuwa na mamlaka ya kutafuta bidhaa za udanganyifu. Kaulimbiu ya jumuiya hiyo, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inazungumzia kufanikiwa kwa njia ya uaminifu.

Yafaa tulitue hapa kidogo. Sisi leo tunaidhania alama ya biashara kuwa pambo la kumtangaza mwenye mali. Katika sheria ya 1624 alama ilikuwa pia dhamana: kisu kikivunjika siku ya tatu, mlalamikaji alijua aende mlango gani. Wanunuzi wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mafundi walipiga picha ndogo, nyota, misalaba, mioyo na maua, kila moja kwa mwenyewe. Nguvu ya sheria hiyo ilikomea Hallamshire na maili 6 kuizunguka. Nje ya duara hilo fundi mwongo hakuwa na wakaguzi wa kuwaogopa.

Alama nyingine zilirithiwa na kuuzwa kama mashamba. Nyota na msalaba wa Malta, ambavyo wakusanyaji wote huvitambua kuwa ni vya Joseph Rodgers & Sons, vilisajiliwa kwanza mwaka 1682 kwa fundi mwingine, vikaja mikononi mwa akina Rodgers mwaka 1764. Alama ya I*XL, ambayo herufi zake zikisomwa kwa sauti katika Kiingereza husikika kama mtu anayejigamba kwamba anawapita wote, ilitolewa kwanza mwaka 1787 kwa fundi asiyekumbukwa sana. Sifa iliipata baadaye katika nyumba ya George Wostenholm, iliyopeleka visu vingi mno Marekani hata ikaliita jengo lake jina la Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Kwa hiyo mwenye kuiona nyota na msalaba asikimbilie kusema kisu ni cha 1682. Alama huishi miaka mingi kuliko fundi.

Kwa nini kisu kidogo hivyo kilihitajika sana? Sababu moja ni kalamu. Kabla ya nibu za chuma kuenea, Ulaya iliandika kwa unyoya wa bata bukini, na unyoya huo ulipaswa kuchongwa tena na tena kila ncha ilipolegea. Karani, mwalimu, hakimu na mwanafunzi, wote walikuwa na kisu mezani au mfukoni. Msomaji wa pwani aliyemwona mzee wa chuoni akiuchonga mwanzi wake kabla ya kuandika atauelewa uhitaji huo bila maelezo. Bapa jembamba la ncha kali ndilo lililochonga kalamu. Bapa pana lililoongezwa kando yake lilikata kamba, tumbaku na tunda.

Ubora wa mabapa hayo ulipanda katika miaka ya 1740, wakati Benjamin Huntsman, fundi wa saa aliyehamia kijiji cha Handsworth karibu na Sheffield, alipogundua namna ya kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo mgumu ili iwe sawasawa kila mahali. Inasimuliwa kwamba mafundi wa Sheffield waliikataa mwanzoni kwa kuwa ilikuwa ngumu kufua, akawauzia Wafaransa, na ni visu vya Kifaransa vilivyowaamsha majirani zake. Visu vya baadaye vilipigwa chapa ya kutangaza kwamba ni vya feleji hiyo ya kuyeyushwa.

Mwaka 1814 Bunge liliondoa sharti la kuwa mwanachama wa jumuiya ili kufanya kazi ya visu. Milango ikawa wazi kwa kila mwenye nyundo, na kwa kila mwenye hila pia. Ndiyo maana haishangazi kwamba miaka mitano tu baadaye, mwaka 1819, ilitungwa sheria nyingine: alama ya nyundo iruhusiwe tu kwenye bidhaa za feleji iliyofuliwa, isipigwe kwenye visu vya chuma cha kumimina kwenye kalibu, na jina la London lisipigwe kwenye kisu kisichotengenezwa London na viunga vyake. Ukiona sheria inakataza jambo kwa undani namna hiyo, ujue jambo hilo lilikuwa likitendeka mchana kweupe.

Sasa tufike kwenye herufi zinazowapendeza wakusanyaji kuliko zote. Rodgers walipata heshima ya kuitwa mafundi wa visu wa kifalme wakati wa George wa Nne, wakaanza kupiga taji kwenye mashina ya visu vyao pamoja na herufi za mtawala. Herufi R ni ya neno la Kilatini la mfalme au malkia. V na R, taji likiwa katikati, ni Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. W na R ni William wa Nne, miaka 7 tu, 1830 hadi 1837, ndiyo maana visu vyake ni adimu. E na R katika visu hivi kwa kawaida ni Edward wa Saba, 1901 hadi 1910. Mtego umo katika G na R, kwa kuwa George wa Nne alifariki 1830 na George wa Tano akatawazwa baada ya 1910. Visu viwili vyenye herufi zilezile vinaweza kupishana kwa karibu miaka mia.

Hapo mkusanyaji hutafuta shahidi wa pili, naye hutoka tena katika sheria, safari hii sheria ya nchi nyingine. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha ushuru uliojulikana kwa jina la mbunge William McKinley. Licha ya kupandisha ushuru wa visu vya mfukoni kiasi cha kuitikisa Sheffield nzima, sheria hiyo iliagiza kwamba kuanzia mwaka 1891 bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Tangu wakati huo neno England linaonekana kwa wingi kwenye mashina. Kisu chenye G na R pamoja na neno hilo hakiwezi kudaiwa kwa urahisi kuwa cha George wa Nne. Lakini kukosekana kwa neno England si ushahidi wa ukale, kwa sababu kisu cha kuuzwa nyumbani Uingereza hakikubanwa na sheria ya Washington. Kama shina linatangaza feleji isiyoshika kutu, jibu ni jepesi zaidi: feleji hiyo ilitokana na kazi ya Harry Brearley mjini Sheffield mwaka 1913, na hakuna kisu cha Victoria kinachoweza kuitaja.

Mpini nao hushuhudia. Pembe ya ndovu ikitazamwa kwenye ncha yake huonyesha mistari myembamba ya kupindana, inayokatana kama nyuzi za chandarua. Mfupa wa ng'ombe una vitobo vidogo vyeusi. Seluloidi, iliyobuniwa Marekani na kuingia sokoni tangu miaka ya 1870, huigiza pembe kwa mistari iliyonyooka mno, na ukiisugua mpaka ipate joto hutoa harufu ya kafuri. Ikizeeka hutoa mvuke unaokula bapa kwa kutu. Iko pia mipini ya pembe za kulungu, ya ganda la chaza ling'aalo na ya gamba la ng'amba, yule kasa tunayemjua vema katika Bahari ya Hindi.

Jina likishapata thamani, huibiwa. Katika miaka ya 1840 akina Rodgers waliwashtaki akina Nowill kwa kupiga jina lao kwenye visu, na kesi hiyo ikawa miongoni mwa zile zilizowafundisha mawakili wa Uingereza maana ya alama ya biashara. Baadaye malalamiko yakageukia ng'ambo, hasa mji wa Solingen nchini Ujerumani, ambako Sheffield ilidai kwamba visu vya bei rahisi vilipigwa majina ya Kiingereza. Bunge likatunga sheria ya alama za bidhaa mwaka 1862, ya usajili wa alama za biashara mwaka 1875, na mwaka 1887 ile iliyolazimisha bidhaa za kigeni zenye jina la kufanana na la Kiingereza zitaje kwao. Sheffield ilijipatia hata daftari lake la usajili, lililotunzwa na jumuiya ile ile ya 1624, kwa sheria ya 1883. Ni mji gani mwingine wa mafundi uliopata mlezi kama huyo bungeni?

Lakini nani hasa alikuwa analindwa? Kisu kimoja kilipita katika mikono mingi. Mhunzi alilifua bapa, mnoaji akalisaga kwenye jiwe, fundi wa tatu akapachika springi na mpini. Wengi wao hawakuwa waajiriwa wa nyumba kubwa iliyotajwa kwenye shina. Walikodi chumba na nafasi ya gurudumu, wakafanya kazi kwa kipande. Kwa lahaja ya Sheffield waliitwa mabwana wadogo, cheo kitamu kwa mtu asiyejua kama wiki ijayo atakula. Jina lililopigwa lilikuwa la mwenye duka. La aliyenoa halikuwapo.

Na kunoa kuliua. Mnoaji alikaa kama aliyepanda farasi, uso wake juu ya jiwe lizungukalo, akivuta vumbi la mawe na chuma tangu utotoni. Daktari Arnold Knight wa Sheffield alieleza kwamba wanoaji wa jiwe kavu kwa wastani hawakuishi hata miaka 35, na wa jiwe lililoloweshwa ni nadra kupita 45. Friedrich Engels akazichukua takwimu hizo katika kitabu chake cha 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Ilionekana hata kwamba walevi miongoni mwao waliishi muda mrefu zaidi, si kwa baraka ya pombe, bali kwa sababu walikosa kazini mara nyingi. Katika historia yote ya viwanda niliyoisoma sijakutana na sifa chungu ya ulevi kuliko hiyo.

Wanoaji walikuwa na vyama vyao. Kujiunga pamoja kulikwisha kuhalalishwa katika miaka ya 1820, lakini chama hakikuwa na njia ya kumdai mahakamani mwanachama asiyelipa ada, wala mahakama hazikukilinda ipasavyo kilipoibiwa fedha zake. Vyama vikajitungia mahakama yake gizani. Mkaidi aliamka asubuhi akakuta mkanda wa gurudumu lake umechukuliwa, akajua anachodaiwa. Baadhi walikwenda mbali zaidi. Mwezi Oktoba 1866 baruti ililipuliwa katika nyumba ya mnoaji wa misumeno, mtaa wa Hereford. Mwaka uliofuata Tume ya Kifalme ilikaa Sheffield ikiahidi kutomshtaki atakayesema kweli, na William Broadhead, katibu wa chama cha wanoaji wa misumeno, akakiri kwamba aliwalipa watu kushambulia na hata kuua.

Nchi ilishtuka. Wengi walitaka vyama vifutwe. Badala yake, baada ya mabishano marefu, sheria ya 1871 ilivipa vyama vya wafanyakazi hadhi ya kisheria na ulinzi wa mali zao. Mimi naihesabu miaka hivi: alama kwenye shina ilipata sheria ya kuilinda mwaka 1624, na chama cha aliyelinoa bapa kikapata yake mwaka 1871. Tofauti ni miaka 247. Siwatetei waliotega baruti. Nasema tu kwamba wale wanaozisifu sheria za alama za Sheffield, nao ni wengi miongoni mwa wakusanyaji, wazisome pamoja na tarehe hiyo ya pili.

Kuna mikono mingine isiyoandikwa, na hii ilitoka kwetu. Mipini ya thamani ilitengenezwa kwa pembe za ndovu, na akina Rodgers walikuwa na ghala la pembe katika jengo lao la mtaa wa Norfolk lililowastaajabisha wageni. Pembe za Afrika zilinunuliwa katika minada ya London, na katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe la Afrika Mashariki. Wasomaji wangu wa Manyema, wa Ujiji na wa kandokando ya ziwa letu la Tanganyika hawahitaji kuelezwa njia zilikopita: Tabora, kisha Bagamoyo, kisha bahari. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, alisimulia kwa Kiswahili katika maisha yake namna pembe zilivyopatikana, kwa biashara na kwa bunduki. Wachukuzi walizibeba mabegani kwa miezi, wengine huru wenye ujira, wengine watumwa. Mpini ukishasuguliwa na kung'arishwa haubaki na chapa ya msitu ulikotoka wala ya bega lililoubeba. Sheria iliyoshika bidii kukataza neno London lisipigwe kwa uongo haikuuliza habari hiyo.

Swali hilo lilikuja kuulizwa baadaye sana, tena kwa ajili ya ndovu. Mwezi Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Uingereza yenyewe ilitunga sheria ya pembe mwaka 2018, ikaanza kutumika 2022, nayo inakataza kuuza karibu kila kitu chenye pembe ya ndovu, hata kikiwa cha kale. Miongoni mwa misamaha michache umo ule wa vitu vilivyotengenezwa kabla ya Machi 1947 ambavyo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, na hata hivyo ni lazima visajiliwe kabla ya kuuzwa.

Majina ya zamani, kwa upande wao, hayajafa. Nyumba za Rodgers na Wostenholm ziliungana mwaka 1971, na nyota, msalaba na I*XL viliendelea kupigwa kwenye visu baada ya hapo, jambo linalowapa kazi wanaonunua bila kusoma. Aliye na kisu cha mpini wa pembe na anataka kukiuza Uingereza leo hana budi kukadiria ujazo wa vipande viwili vyembamba vilivyobanwa kando ya springi, kisha aeleze kwa nini anaamini kwamba kisu ni cha kabla ya 1947. Atalifungua bapa, aligeuze kwenye mwanga, na kuanza na zile herufi zilizopigwa kwenye shina.